Batri ya sodiamu haishiki moto? Jibu kwa mama wa Kadutu

SWALI: Nina kibanda cha kuchajia simu hapa Kadutu, Bukavu. Nyumba ni ya mbao, na mwanangu analala chumba cha juu. Batri zangu mbili za asidi zimechoka. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue batri ya sodiamu, anasema haishiki moto maana ni ya chumvi. Mwanangu anayesoma kemia ananikataza, anasema sodiamu ikigusa maji inalipuka. Tena nimesikia wataalamu wanatafuta maji ya batri yasiyowaka. Nimwamini nani, na je, nisubiri hayo maji mapya?

JIBU: Jambo Mama. Mwanao yuko sahihi kuhusu sodiamu, lakini hayuko sahihi kuhusu batri. Muuzaji naye ametaja kitu cha kweli, chumvi, kisha akakibebesha mzigo ambao chumvi haiwezi kuubeba. Niruhusu nianze na kijana, maana hofu yake ni rahisi kuitatua.

Sodiamu anayoisoma darasani ni metali laini. Inakatika kwa kisu, inayeyuka kwenye nyuzi 98 tu, na ikikutana na maji inatoa haidrojeni pamoja na joto la kutosha kuiwasha hiyo haidrojeni. Yote ni kweli. Ila katika batri za sodiamu zinazouzwa siku hizi kwa ajili ya nyumba na vyombo vya moto, sodiamu haikai kama metali. Inakaa kama ioni, yaani atomu iliyokwisha kupoteza elektroni yake moja, hali ileile ya sodiamu iliyomo katika chumvi unayotia kwenye sombe. Ukichaji, ioni hutoka upande chanya, hupita ndani ya kimiminika na kwenda kujificha katika kaboni ngumu ya upande hasi. Ukitumia batri, zinarudi zilikotoka. Seli nzima ukiipasua hutakuta kipande cha sodiamu kinachosubiri mvua.

Upenyo mmoja upo, na mwanao atafurahi kuusikia. Kaboni ngumu hupokea sehemu kubwa ya ioni zake kwenye volti iliyo karibu sana na ile ambayo sodiamu huanza kujitandaza kama metali. Batri ikichajiwa kupita kiasi, au kwa haraka mno, au ikiwa baridi sana, ioni hukosa nafasi ya kuingia, zikajipanga juu ya kaboni kama metali halisi. Hiyo ndiyo sodiamu ya kuogopwa, na wakati mwingine hukua kama nyuzi nyembamba zinazoweza kutoboa hadi upande wa pili. Kwa hiyo hofu ya kijana ailekeze kwenye chaja mbovu kabla ya kuielekeza kwenye ndoo ya maji. Nitarudi kwenye chaja.

Sasa muuzaji. Chumvi imo kweli ndani ya batri yake, lakini si ya mezani, wala haikuyeyushwa katika maji. Inayotumika sana ni sodiamu heksafluorofosfeti, NaPF6, iliyoyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya kaboneti: etilini kaboneti, propilini kaboneti, dimethili kaboneti na ndugu zao. Mchanganyiko huo ndio elektroliti, hayo maji ya batri uliyoyasikia. Ni jamii ileile ya vimiminika iliyomo katika batri za lithiamu za simu unazochaji kila siku. Dimethili kaboneti hutoa mvuke unaoweza kushika cheche kuanzia nyuzi 18 hivi, joto ambalo Bukavu tunalipita karibu kila mchana. Propilini kaboneti ni mvumilivu zaidi, mvuke wake hauwaki mpaka nyuzi 132 hivi, lakini ni nzito, ndiyo maana watengenezaji wengi huichanganya na zile nyepesi ili ioni zipite bila taabu. Batri yenye elektroliti ya namna hii inaweza kuwaka, iwe ya lithiamu, iwe ya sodiamu.

Utauliza kwa nini wasitumie maji tu. Kuna waliojaribu. Kampuni ya Aquion ya Pittsburgh, Marekani, iliyoanza 2008, ilitengeneza batri za sodiamu zenye maji ya chumvi ndani, na kimiminika chake hakikuwa na cha kuwaka. Shida ni kwamba kwa hesabu ya kemia maji hupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni yakipewa zaidi ya volti 1.23. Seli inabaki na volti ndogo, na ili upate umeme wa maana batri inakuwa kubwa na nzito mno. Kampuni hiyo ilifilisika 2017. Seli ya kisasa ya ioni za sodiamu hufanya kazi karibu na volti 3, mbali sana na uwezo wa maji ya kawaida. Kama muuzaji anakuletea boksi ambalo kijana mmoja analipandisha Kadutu mkononi bila kupumzika, hiyo si ya maji.

Moto wenyewe huanzaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu usipoona hatua zake hutaelewa wataalamu wanatafuta nini. Mara nyingi kimiminika hakianzishi moto, kinaupokea. Kwanza kunakuwa na chanzo cha joto: waya umegusana, batri imechajiwa kupita kiasi, imepondwa, au ina kasoro ya kiwandani. Juu ya kaboni ya upande hasi kuna ngozi nyembamba sana iliyojitengeneza siku batri ilipochajiwa mara ya kwanza, na kazi yake ni kuzuia kaboni iliyojaa sodiamu isile kimiminika. Seli ikifika nyuzi 80 hadi 120 hivi, ngozi hiyo huanza kuharibika. Kaboni iliyojaa sasa inakutana na kimiminika ana kwa ana, inatoa joto, joto linaharibu ngozi zaidi. Kwenye nyuzi 130 hivi utando wa plastiki unaotenganisha pande mbili unaanza kuyeyuka kama ni wa polietilini, au 165 kama ni wa polipropilini. Pande mbili zinagusana. Upande chanya nao unaanza kuvunjika, na baadhi ya aina hutoa oksijeni. Shinikizo la gesi linafungua tundu la usalama, mvuke wa elektroliti unatoka kwa nguvu, unakutana na hewa na cheche. Wewe uliye nje unaona hatua hiyo ya mwisho tu. Joto linalojizidisha lenyewe lilikwisha kuwa ndani muda mrefu kabla ya ndimi za moto.

Wanaotafuta elektroliti isiyowaka wanashughulika na ile hatua ya mwisho: kuondoa kuni. Kimiminika walichokimbilia kwanza ni cha jamii ya fosfeti, hasa trimethili fosfeti na triethili fosfeti. Fosforasi ina tabia nzuri kwetu. Moto wa gesi huendelea kwa sababu vipande vidogo vya haidrojeni na vya oksijeni-haidrojeni vinarukiana na kuzaliana kwa kasi. Vipande vya fosforasi vinavyotoka katika mvuke wa fosfeti huvidaka, na mnyororo unakatika. Ni kemia ileile iliyo katika baadhi ya dawa zinazopakwa kwenye vitambaa na plastiki ili visishike moto.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walijaribu kuzitia fosfeti hizi kwenye batri za lithiamu, wakagonga mwamba uleule kila mara. Ukitia kidogo, kimiminika bado kinawaka. Ukitia nyingi, batri inakufa, kwa sababu fosfeti haijui kutengeneza ile ngozi juu ya kaboni. Inaendelea kuliwa kila unapochaji mpaka uwezo wa batri unakwisha. Kwa sodiamu mambo ni magumu zaidi: ngozi inayojitengeneza katika batri ya sodiamu huyeyuka ndani ya kimiminika kwa urahisi kuliko ya lithiamu. Wanaosema sodiamu ni lithiamu ya bei nafuu tu, nawaomba wakae na jambo hilo. Kimiminika kinachofaa kwa mmoja hakimfai mwingine moja kwa moja.

Njia ilifunguka kutoka upande ambao wengi hawakuutazama, wa kuongeza chumvi. Mwaka 2018 kikundi cha Chuo Kikuu cha Tokyo akiwemo Atsuo Yamada kilichapisha elektroliti ya vitu viwili tu: trimethili fosfeti na chumvi iitwayo NaFSI, kwa ukali wa moli 3.3 katika lita (moli ni kipimo cha wingi cha kemia), wakati elektroliti ya kawaida huwa na moli 1 hivi. Kwa ukali huo karibu kila molekuli ya fosfeti imeshikwa na ioni ya sodiamu, haina uhuru wa kwenda kushambulia kaboni. Kinachovunjika kwanza ni chumvi yenyewe, na mabaki yake yanatengeneza ngozi ngumu yenye madini ambayo fosfeti haikuweza kuitengeneza. Seli zao za kaboni ngumu zilichajiwa na kutumika zaidi ya mara 1,000, kazi iliyochukua zaidi ya mwaka mzima, zikapungua uwezo kwa kiasi kidogo sana. Kimiminika hicho kilifanya zaidi ya kukataa kuwaka, kikawa na uwezo wa kuzima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi iliyogeuza uwanja huu, na hadi leo makala nyingi za sodiamu zinaitumia kama mahali pa kuanzia.

Lakini chukua karatasi tupige hesabu ya mfanyabiashara. Moli moja ya NaPF6 ni gramu 168. Moli moja ya NaFSI ni gramu 203, na ukihitaji 3.3 katika lita, unafika gramu 670 hivi. Zaidi ya nusu kilo ya chumvi ghali katika kila lita, ndani ya batri ambayo sababu yake ya kuwepo ni kuwa nafuu. Isitoshe, kimiminika kilichojaa chumvi kiasi hicho kinakuwa kizito, kinachelewa kulowanisha utando, na ioni zinapita polepole. NaFSI pia ina sifa mbaya ya kula foili ya alumini volti zikipanda, na batri ya sodiamu ina alumini pande zote mbili. (Hiyo alumini ni faida upande mwingine. Batri ya lithiamu ina foili ya shaba upande hasi, na shaba hiyo huyeyuka batri ikishushwa hadi sifuri. Ya sodiamu inaweza kusafirishwa ikiwa na volti 0, ikiwa haina nguvu ya kuwasha chochote. Natamani malori yetu yangebeba batri zote hivyo.)

Ndipo ikaja hatua ya pili: kulegeza mchanganyiko bila kuuharibu. Unaongeza kimiminika cha tatu, mara nyingi etha yenye florini nyingi, ambacho hakiwezi kuyeyusha chumvi. Fosfeti na chumvi zinabaki zimeshikana katika makundi yao, na hicho cha tatu kinajaza nafasi katikati, kinafanya kitu chote kiwe chepesi, na baadhi yake hakiwaki. Mwaka 2022 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Pacific Northwest, Marekani, walifanya jambo la jamii hiyo kwa kutumia fosfiti, ndugu wa fosfeti, yenye florini pamoja na NaFSI na dimethili kaboneti. Batri yao ya sodiamu iliyochajiwa hadi volti 4.2 ilibaki na asilimia 90 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 300. Volti 4.2 ni nyingi kwa sodiamu, na huko ndiko ngozi za pande zote mbili zinapoteseka. Mara 300 ni hatua nzuri maabara, ila kwa kibanda kinachochaji na kuishiwa kila siku hazitimizi hata mwaka.

Florini ina deni lake. Nyingi ya etha hizi ni ndugu wa kemikali zisizooza ambazo Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway zilipendekeza mwaka 2023 zizuiwe Ulaya. Kemia ya kuzima moto isiyotumia florini bado inatafutwa kwa bidii, na ningekuwa na mwanafunzi mwenye kichwa kizuri ningempeleka huko.

Wengine wameamua kuacha kimiminika kabisa. Mwaka 1976 Hong na Goodenough walieleza kauri iitwayo NASICON, inayopitisha ioni za sodiamu ikiwa imara kama kigae. Kabla yake kulikuwa na kauri ya beta-alumina, iliyotumika katika batri za sodiamu na salfa zinazofanya kazi kwenye nyuzi 300 hadi 350, na katika batri ya ZEBRA iliyobuniwa Pretoria, Afrika Kusini, na kikundi cha Johan Coetzer. Naitaja kwa makusudi, maana mara nyingi tunasimuliwa habari za batri kama kwamba Afrika kazi yake ni kuchimba kobalti ya Kolwezi tu. Ila usidhani kauri inamaliza moto. Batri ya sodiamu na salfa huwa na sodiamu halisi iliyoyeyuka, ile ya mwanao, na Septemba 2011 moja iliyofungwa katika kiwanda mkoani Ibaraki, Japani, ilishika moto ambao ulichukua wiki mbili hadi kutangazwa umezimika.

Sasa nataka uwe makini na neno "haiwaki" linapoandikwa kwenye boksi. Maabara kipimo cha kawaida ni hiki: unachukua kipande cha nyuzi za kioo, unakilowesha kwa elektroliti, unakiwasha, unaondoa moto na kuhesabu sekunde mpaka kizimike chenyewe. Chini ya sekunde 6 kwa kila gramu inaitwa isiyowaka. Kati ya 6 na 20 inaitwa inayochelewesha moto. Juu ya 20, inawaka. Ni kipimo kizuri cha kimiminika. Hakisemi lolote kuhusu kaboni iliyojaa, utando, upande chanya, na joto la seli mia zilizopangwa pamoja.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walichukua seli za lithiamu zenye elektroliti kali ya jamii ya FSI, ile ambayo haiwaki kwa kipimo nilichokieleza, wakazipasha joto. Joto likajizidisha vilevile. Chumvi iliyosifiwa kwa kujenga ngozi nzuri ilikuwa inajibizana na kaboni iliyojaa na kutoa joto jingi yenyewe, bila kuhitaji ndimi za moto. Ilikuwa lithiamu, si sodiamu, lakini chumvi ni ya familia moja na onyo linatuhusu. Fikiria mbabula iliyojaa makaa mekundu ndani ya chumba: hakuna mwali hata mmoja, ila ubao ulioegemea utaungua, na aliyelala hapo anaweza asiamke. Seli iliyopasuka bila kuwaka hutoa haidrojeni, kaboni monoksidi na gesi nyingine zinazoshika moto. Zisipoungua palepale, katika chumba kilichofungwa zinajikusanya mpaka cheche ya swichi izikute. Batri yenye NaPF6 huongeza haidrojeni floridi, moshi unaochoma mapafu, hasa penye unyevu.

Kwa hiyo, Mama, kuhusu usalama wa nyumba yako mimi ningeanza kuuliza upande chanya umetengenezwa na nini, kabla hata ya kuuliza kimiminika. Batri za sodiamu zina familia tatu. Ya kwanza ni oksidi za tabaka, zenye nikeli, chuma na manganizi. Zinabeba umeme mwingi kwa uzito, na zikipata joto hutoa oksijeni, kwa hiyo usiziweke daraja la juu kuliko lithiamu-chuma-fosfeti uliyoizoea madukani. Ya pili ni jamii ya nyeupe ya Prussia, iliyojengwa kwa chuma na sianidi; ni nafuu na haichoki haraka, ila ikiungua inaweza kutoa gesi za sianidi. Ya tatu ni fosfeti, kwa mfano ya sodiamu, chuma na fosfeti. Inabeba umeme mdogo kuliko za oksidi, lakini oksijeni yake imefungwa na fosforasi kwa nguvu na haiachii kirahisi. Kwa kibanda ambacho batri inakaa chini bila kusafiri, uzito hauna maana kubwa. Ya fosfeti ndiyo ningeinunua, ya sodiamu au ya lithiamu, kulingana na bei na dhamana.

Chaja sasa. Batri yako ya asidi na ya sodiamu hazina mipaka sawa ya volti. Seli ya sodiamu inaweza kushuka hadi volti 1.5 na, kwa baadhi ya aina, kupanda hadi 4, hivyo batri ya seli nne inatembea kati ya volti 6 na 16 hivi. Aina za fosfeti huishia chini ya hapo. Regilateri ya batri za asidi, kifaa kinachodhibiti kuchaji, huishia karibu na 14.4. Kwa aina moja haitaijaza batri, kwa nyingine itaisukuma kupita mpaka wake, na hapo ndipo hadithi ya sodiamu kujitandaza kama metali inapoanza. Konvetisa nayo, inayogeuza umeme wa batri uwe wa nyumbani, itakata karibu na volti 10.5 ikidhani batri imekwisha, na wewe utadhani umeibiwa. Regilateri inayokubali kupangiwa volti ni lazima, pamoja na batri yenye bodi ya ulinzi ndani inayokata umeme volti au joto likizidi.

Waya ni muhimu kuliko yote niliyoandika juu. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni ampea 83, na waya mwembamba wa taa ukipitisha hizo utakuwa mwekundu ndani ya ubao kabla batri haijapata hata joto. Weka fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya batri. Batri isikae chini ya ngazi anayoshukia mwanao. Iweke ukutani upande wa nje kama unaweza kuifungia, juu ya tofali au bati, penye hewa inayopita. Na hizo mbili za asidi unazoziona za kizamani na salama hutoa haidrojeni zinapochajiwa, ambayo asilimia 4 tu katika hewa inatosha kulipuka. Hadi utakapozitoa, usizichaji chumba kikiwa kimefungwa usiku.

Batri yoyote ikianza kuvimba, kupiga mluzi au kutoa moshi mweupe, kata umeme kama swichi iko mbali nayo, toa watu, fungua mlango ukiwa unatoka, usirudi kuchukua simu za wateja. Kizimamoto cha unga huangusha ndimi lakini hakipozi seli, na moto unaweza kurudi. Kinachopoza ni maji mengi sana, kutoka mbali, umeme ukiwa umekatwa na watu wakiwa wametoka. Nyumba za mbao za Kadutu zimebanana na gari la wazima moto halipandi kila mahali, kwa hiyo majirani ndio wa kuamsha kwanza.

Nisubiri? Hapana. Elektroliti zisizowaka zimo katika maabara na zimeanza kuingia kiwandani kwa sura ya viungo vichache vinavyoongezwa kwenye kimiminika cha kawaida, na zitakufikia zikiwa zimefungwa ndani ya seli bila wewe kuziona. Muuzaji wako mwombe karatasi ya kiwanda inayosema upande chanya ni wa aina gani, volti ya juu na ya chini, na ampea za kuchajia. Akikosa karatasi hiyo, nunua lithiamu-chuma-fosfeti yenye karatasi. Na akitokea mtu wa kukuuzia chupa ya maji ya sodiamu ili umimine katika batri zako za zamani, kama unavyozoea kuongeza maji kwenye za asidi, mfukuze: elektroliti ya sodiamu hutiwa kiwandani katika chumba kikavu, na ikikutana na unyevu wa hewa NaPF6 huanza kutoa ule moshi unaochoma mapafu, mbele ya wateja wako.